Amri Thelathini na Moja Zisizo na Jina

Barua ya kumwondoa Bi Penseli kazini aliichapa Bi Penseli mwenyewe, na hakukosea hata nukta.

Chumba cha wachapaji kilikuwa nyuma ya mahakama, ghorofa ya chini, meza tano na madirisha mawili yanayotazama maegesho ya magari. Kinachosemwa mahakamani kilirekodiwa, sauti ikaingia kwenye foleni ya kompyuta, na kila mchapaji akimaliza moja alichukua inayofuata. Hakuna kuchagua. Likikuangukia shauri la mpaka wa shamba la saa sita, utalisikiliza saa sita, mguu kwenye pedali ya kurudisha sauti nyuma, masikio yakiwaka moto. Hata barua za mkuu wa chumba zilipita humohumo, maana mkuu wa chumba alikuwa mvivu wa kuandika. Alisema na simu yake, akatupia kwenye foleni, akaenda zake kunywa chai.

Jumatatu ile, saa tatu na nusu asubuhi, barua ya mkuu ilimwangukia Bi Penseli.

"Kwa Msajili," ilisema sauti masikioni mwake. "Kuhusu vitufe thelathini na moja nilivyovibuni mwenyewe."

Bi Penseli akakanyaga pedali. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Nilivyovibuni mwenyewe. Akarudisha mara ya tatu, labda masikio yamechoka. Masikio yalikuwa mazima.

"Kwa kuwa vitufe hivi vimeharakisha kazi," iliendelea ile sauti, "chumba sasa kinatosha watu wanne. Napendekeza apunguzwe mchapaji wa siku nyingi ambaye hamudu tena kasi. Aondoke mwisho wa mwezi."

Mchapaji wa siku nyingi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa anaichapa barua hiyo. Wengine tulio wepesi wa hasira tungeinuka pale pale tukamvaa mtu. Bi Penseli alimaliza aya, akaweka tarehe, akapanga pambizo, akaipeleka. Kisha akaitoa ile penseli iliyokaa siku zote kwenye nywele zake, akaitazama, akairudisha.

Mkuu huyo wa chumba alikuwa mume wa mdogo wake. Miaka sita nyuma, mdogo mtu alikuja kukaa jikoni kwa dada yake, akalia kwamba mwanamume anashinda nyumbani akibadilisha chaneli. Bi Penseli akaenda kumwombea nafasi, akaipata, akamfundisha kibodi tangu herufi ya kwanza. Alianza na vidole viwili, na mpaka leo ni viwili. Chumba kizima kikamsikia akimwita shemeji, nao wakamwita Shemeji, hadi mama wa chai. Baada ya miaka minne akavaa tai na kupewa ukuu wa chumba. Aliupata kwa mdomo, maana kwa kumpaka mtu mafuta hana mpinzani. Aliomba watu wamwite Mkuu. Aliyemwita hivyo ni yeye peke yake, kwenye simu.

Sasa habari ya vitufe. Programu ya kuandikia waliyokuwa nayo ilikuwa kongwe, skrini nyeusi na maandishi ya kijani, lakini ilifundishika. Ukiwa na kazi inayojirudia unaiandikia amri, hatua kwa hatua, halafu unaifunga kwenye kitufe. Siku nyingine ukikibonyeza, programu inafanya yote yenyewe. Watu waangalifu huipa amri jina, kisha hulifunga lile jina kwenye kitufe. Bi Penseli hakuwa na nafasi ya mapambo hayo. Shauri liko mezani, jaji anangoja, yeye aliifunga amri tupu kwenye kitufe chochote kilichokuwa wazi, haina jina lake wala la mtu mwingine. Miaka kumi na moja, amri thelathini na moja.

Jambo moja tu hakuliacha kamwe. Baba yake alikuwa fundi redio, na kila redio aliyoitengeneza aliiandikia kwa penseli upande wa ndani wa kifuniko: tarehe, kilichoharibika, na aliyekiharibu. Alisema ni kwa ajili ya fundi atakayeifungua baadaye, asije akahangaika. Hata redio aliyoiunguza kwa mkono wake aliiandika "mimi" na kuifunga. Bi Penseli alikulia chini ya meza yake ya ufundi. Kwa hiyo mstari wa kwanza wa kila amri aliandika inafanya nini, tarehe, na ni kosa la nani lililofanya itengenezwe.

Ila maelezo hayo hakuna aliyewahi kuyasoma. Programu ilikuwa na Msaada wake wa ndani: unabonyeza kitufe cha Msaada, halafu kitufe unachokitilia shaka, nayo inakueleza. Kwa amri yenye jina, iliyatafuta maelezo chini ya jina ikayaleta safi. Kwa amri isiyo na jina haikuwa na pa kutafuta, basi ilimwaga matumbo yote: mabano, alama, namba juu ya namba, mstari mmoja mrefu unaokimbia hadi nje ya skrini, na maneno ya Bi Penseli yamezama katikati, herufi zimegeuka tarakimu. Unauliza njia, mtu anakutapikia. Wachapaji waliachana nao siku nyingi.

Jioni ya Jumatatu hiyo Shemeji alikuja, akaegemea meza yake.

"Shemeji, barua umeiona, kwa hiyo sina la kuzunguka. Usiiweke moyoni. Ni mambo ya kazi."

"Nimeiona."

"Msajili amenipigia, amefurahi sana. Alhamisi anakuja na wakuu wa mahakama kumi na mbili, vitufe vinapelekwa kwao kote, na huenda mimi nikapelekwa makao makuu kuvisimamia." Akalegeza tai. "Ametaka kitu kimoja tu. Anasema ule Msaada hausomeki. Kila kitufe kijieleze, hata mgeni aelewe. Wewe una siku chache tu hapa, huna kazi kubwa. Nifanyie."

Uso mkavu, hata haya hana. Mzee Kikohozi, mchapaji wa meza ya jirani, akakohoa. Alikuwa na kifua kizima kabisa yule mzee. Alikohoa tu mtu akisema uongo karibu yake, na tangu Shemeji apewe ukuu watu walidhani ana pumu.

"Nitafanya vilevile ulivyosema," akajibu Bi Penseli. "Kila kitufe kitajieleza."

Alifunga kibwebwe. Jumanne na Jumatano, akimaliza zamu yake ya foleni, aliufundisha Msaada adabu. Ukiulizwa kitufe, tazama kwanza amri yake ina jina. Ikiwa haina, usimwage kitu. Ifungue, chukua mstari wa kwanza, zirudishe tarakimu ziwe herufi, uuweke juu. Chini yake panga hatua, kila moja na mstari wake: kwanza inafanya hili, pili inafanya lile. Mara mbili ilikataa, mara moja ilizima kompyuta nzima. Saa sita mchana wa Jumatano alibonyeza Msaada, akabonyeza kitufe cha tatu, na maneno aliyoyaandika miaka mitano nyuma yakapanda kwenye skrini, safi, ya kijani.

Akayasoma yote thelathini na moja akiwa anakula chakula chake cha mchana, na nakuambieni chakula hakikuwahi kuwa kitamu hivyo. Manane yalikuwa makosa ya mashine, mengine ya wachapaji waliokwisha kuondoka. Kumi na tisa yalikuwa ya Shemeji. Alikuwa amekwisha kusahau mengine, na sasa kila moja lilimrudia na tarehe yake. Alicheka peke yake mpaka Mzee Kikohozi akaja kusoma juu ya bega lake, akarudi kwenye kiti chake akifuta macho.

Ila kitufe cha kumi na mbili kilimkata kicheko. Hicho kilikuwa chake mwenyewe. Miaka minane nyuma aliruka ukurasa mmoja wa ushahidi, na mshtakiwa aliyepaswa kwenda nyumbani akakaa mahabusu siku kumi na sita zaidi. Ukurasa ulipoonekana, mkosaji alitafutwa na hakupatikana, na Bi Penseli hakusema. Aliandika tu kwenye amri, mahali asipopaona mtu. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe cha kufuta kwa muda mrefu. Ni mstari mmoja, nani angejua. Lakini alimwona baba yake akiandika "mimi" ndani ya kifuniko, na ikawa hawezi. Akauacha.

Jioni ile mdogo wake akampigia simu.

"Dada, nasikia unaondolewa. Ameniambia ni Msajili aliyetaka."

"Ni yeye mumeo. Barua nimeichapa mimi."

Mdogo mtu akasema polepole, "Usimfanyie kitu, dada. Nakuomba. Ni baba wa watoto wangu."

"Simfanyii kitu. Ameniagiza kazi, naifanya kama alivyoiagiza."

"Naijua sauti hiyo. Ndiyo ile ya siku ulipomfungia baba mdogo nje na mvua inanyesha."

"Alisema hahitaji ufunguo," akasema Bi Penseli, na wakaagana hapo.

Kwa kutimiza haki, alimwonya. Alhamisi asubuhi Shemeji alipita na tai mpya, akabonyeza kitufe cha kwanza. "Inapanga namba za mistari. Sababu: printa mpya inazisogeza," ilisoma skrini. Akapiga makofi mawili.

"Safi. Ndiyo kazi ninayoitaka."

"Ungevipitia vyote, shemeji. Vipo thelathini na moja."

"Sina muda."

"Nakwambia vipitie. Wageni wanakuja saa nne."

Shemeji akamtazama kwa huruma, ile huruma ya mtu anayekwenda makao makuu. "Shemeji, mimi ndiye niliyevibuni. Nivipitie vya nini?"

Mzee Kikohozi alikohoa nusu dakika nzima, ikabidi apewe maji.

Saa nne chumba kilijaa. Wakuu kumi na wawili kwenye viti vya kuazima, projekta imeelekezwa ukutani, na mbele kabisa Msajili, mwanamke mfupi wa sauti ndogo ambaye watu walimwogopa kuliko majaji. Wachapaji walisimama nyuma. Bi Penseli alisimama karibu na mlango, mikono imekunjwa.

"Vitufe hivi ni jasho langu," akaanza Shemeji. "Na sasa kila kimoja kinajieleza. Tazameni."

Cha kwanza kikaenda vizuri. Cha pili vizuri. Akabonyeza cha tatu na kugeukia wageni, anasoma ukutani kwa sauti ya mtangazaji. "Kinakataa kuhifadhi faili jipya juu ya la zamani. Sababu: Shemeji amehifadhi shauri la leo juu ya shauri la jana, mashahidi wanne wamepotea na itabidi waitwe..." Sauti ikafifia kama redio iliyoishiwa betri.

"Waitwe upya," akamalizia Msajili. "Endelea."

"Kuna hitilafu ndogo hapa, mheshimiwa, labda tu..."

"Nipe hiyo kibodi."

Akabonyeza Msaada na cha saba, akasoma kwa ile sauti yake ndogo. "Kinaondoa maoni ya pembeni kabla ya kuchapa. Sababu: Shemeji amechapa nakala arobaini za hukumu zikiwa na maoni ya siri ya jaji, na wakili amesoma mbele ya watu mahali jaji alipoandika kwamba wakili huyu anamsinzisha." Mkuu mmoja akainama chini kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba. Cha nane: Shemeji. Cha tisa: Shemeji, mara mbili ndani ya wiki moja. Msajili akainua macho.

"Huyu Shemeji ni nani?"

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Hapo mlango ukafunguliwa, mama wa chai akaingia na sinia lake, hana habari ya lolote, akaangaza macho mpaka akamwona mwenye tai mpya.

"Shemeji, yako hii hapa, haina sukari."

Walicheka watu wazima wenye vyeo vyao mpaka wengine wakatoka nje. Shemeji alikipokea kikombe kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Bi Penseli hakucheka. Alimtazama tu, akamtazama akashiba.

Lakini mtu wa mdomo haishiwi maneno. "Mheshimiwa, ameyaandika jana," akasema, akimnyooshea kidole. "Ana kinyongo kwa sababu anaondoka. Ametunga yote haya ili kunichafua."

Msajili akamgeukia Bi Penseli. "Umeyaandika jana?"

"Hapana, mheshimiwa. Kila moja niliandika siku yake. Jana niliufanya Msaada usomeke tu, kama nilivyoagizwa."

"Shahidi wako nani?"

Bi Penseli hakuwa na shahidi. Alijua shahidi yuko wapi, na alijua yule shahidi angeweza kumtoa kazini kabla hata ya mwisho wa mwezi.

"Soma cha kumi na mbili," akasema.

Msajili akasoma, safari hii kimya, na ukutani kila mtu akasoma naye: Kinahesabu kurasa na kukataa kufunga faili ukipungua mmoja. Sababu: nimeruka ukurasa wa ushahidi, mtu amekaa ndani siku kumi na sita bure. Kosa ni langu. Sijamwambia mtu.

"Shauri hili nililichunguza mimi," akasema Msajili, "nikiwa bado karani mkuu. Mwaka mzima. Mkosaji hakupatikana."

"Ndiye huyu," akasema Bi Penseli.

Msajili akamsogezea Shemeji kibodi. "Mtu anayetunga ili kukuchafua wewe hajitii na yeye kitanzi. Haya, wewe uliyebuni thelathini na moja, nibunie kimoja. Chochote. Kiandike tarehe ya leo tu."

Shemeji akaweka chini kikombe. Akavinyanyua vidole vyake viwili juu ya kibodi. Vikabaki hapo hapo, vinaning'inia, na wakuu kumi na wawili wakavihesabu.

"Barua yako ilisema chumba kinatosha watu wanne," akasema Msajili. "Nimekubaliana nayo."

Bi Penseli naye hakupona. Alipewa onyo la maandishi, liliwekwa kwenye faili lake, na akaambiwa amtafute yule mtu wa siku kumi na sita akamwombe radhi kwa mdomo wake. Alikubali yote mawili bila kupunguza neno. Kazi ikabaki yake.

Jumamosi mdogo wake alikuja, hakubisha hodi, akakaa kwenye kiti kilekile cha jikoni cha miaka sita iliyopita.

"Ulimwonya?"

"Mara mbili."

"Akasema nini?"

"Akasema amevibuni yeye, avipitie vya nini."

Mdogo mtu akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Hata nyumbani ni hivyohivyo," akasema. Halafu kicheko kikageuka kilio, na hicho kilikuwa kilio cha kweli. "Wewe umemaliza, dada. Mimi ndiye ninayekwenda kukaa naye."

Bi Penseli aliinuka akaosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Majuto hakuwa nayo, na asingemdanganya mdogo wake kwamba anayo.

Jumatatu saa mbili na nusu alikaa mezani kwake, akavaa spika za masikioni, akachukua kilichokuwa mbele kwenye foleni. Ilikuwa sauti ndogo ya Msajili. "Kwa mkuu wa chumba cha wachapaji. Kuhusu kuondolewa kwako kazini." Bi Penseli akakanyaga pedali, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha mara ya tatu, na safari hii masikio hayakuwa yamechoka hata kidogo. Aliichapa, akaweka tarehe, akapanga pambizo, akaipeleka bila kukosea hata nukta.

Kabla ya kuchukua sauti inayofuata aliifungua ile amri mpya ya Msaada, ambayo kwa haraka za wiki iliyopita nayo alikuwa ameifunga bila jina. Safari hii aliipa jina. Jina lake lote, na la baba yake nyuma. Kwenye mstari wa kwanza akaandika:

Inafanya Msaada usomeke kwa amri zisizo na jina. Sababu: Shemeji ameagiza. Kosa ni langu, nimeziacha amri zangu bila jina miaka kumi na moja. Halitarudiwa.